SOMO: Jani la mkungu linavyozeeka, tuingie ndani ya seli

Wakuu, mwenye mkungu jirani (ule mti wa kivuli wenye majani mapana, sio mkungu wa ndizi) achume majani manne ya mti huohuo: bichi, lililoanza njano, jekundu, na lililodondoka lenyewe. Wengi tunadhani jani likizeeka linajifia tu taratibu, sio kweli kabisa, seli zinabomoa vitu kwa mpangilio na mti unachukua mali yake kwanza.

1. Bichi. Seli zimejaa kloroplasti (vifuko vidogo vya kijani vinavyotengeneza chakula cha mmea), na naitrojeni nyingi ya jani imekaa humohumo kwenye protini. Hilo likumbuke.

2. Njano. Kloroplasti ndo zinaguswa mwanzo, protini zinakatwakatwa zinakuwa amino asidi (vipande vidogo vinavyojenga protini) alafu zinasafirishwa kupitia mishipa kwenda kwenye majani machanga na sehemu za akiba. Klorofili, yaani ile rangi ya kijani, nayo inavunjwa, njano unayoiona ilikuwepo siku zote ila kijani kiliifunika. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kiini (kinachotunza maelekezo ya seli) na mitokondria (zinazotoa nguvu) vinabaki karibu mpaka mwisho, maana hata kubomoa kunataka maelekezo na nguvu.

3. Jekundu. Hii rangi inatengenezwa upya uzeeni, inaitwa anthosianini, inakaa kwenye vakuoli (mfuko wa majimaji ndani ya seli) na inayeyuka majini. Katakata jani uchemshe, maji yatachukua wekundu wenye ukahawia (ukahawia ni tanini, zile kemikali chachu za mimea kama za majani ya chai, mkungu unazo nyingi). Klorofili haitoki hivyo, hiyo inataka spiriti, weka kikombe chake ndani ya maji ya moto na mbali na jiko maana inashika moto haraka.

4. Lililodondoka. Tazama mwisho wa kikonyo, pamekatika safi. Hapa kuna homoni mbili za mmea, oksini inayozuia jani lisidondoke na ethilini inayolisukuma lidondoke: oksini ikipungua ethilini inapata nafasi, seli za tabaka jembamba pale zinaachiana.

MASWALI

– Mbona tawi likivunjika majani yanakauka yakining'inia tu?
Seli zimekufa kabla hazijamaliza kazi. Kuachia jani kunafanywa na seli hai.

– Mwembe wangu unatoa majani machanga mekundu, nao unazeeka?
Hapana ndugu, rangi ni ya aina hiyohiyo ila hapo kloroplasti ndo kwanza zinajengwa.

– Mahindi yangu bado madogo, majani ya chini yanakuwa njano kuanzia nchani yakifuata mshipa wa kati, ni uzee?
Ni uzee wa kulazimishwa mkuu, dalili hiyo ni ya upungufu wa naitrojeni, mmea unayanyang'anya majani ya zamani ulishe ya juu. Wahi mbolea ya kukuzia, yaliyokwisha kuwa njano usiyategemee, angalia yanayochipua.