Maoni kuhusu Mswada wa Fedha: yaandike hivi yasiishie kapuni

Mswada wa Fedha, yaani mapendekezo ya serikali ya kubadilisha kodi, hufikishwa Bunge la Kitaifa la Kenya kufikia Aprili 30, na sharti uwe umeamuliwa kufikia Juni 30. Hapo katikati Karani wa Bunge hutangaza magazetini na kwenye tovuti ya Bunge siku ya mwisho ya kupokea maoni. Muda huwa finyu. Anza kusoma mara tu mswada unapochapishwa.

Mabenki na wenye viwanda hawafiki mbele ya Kamati ya Fedha kulia kwamba maisha ni magumu. Wao hupeleka jedwali: kifungu, pendekezo, sababu. Nawe fanya hivyo hivyo. Barua ndefu ya kuukataa mswada mzima haimpi mbunge neno hata moja la kurekebisha.

Safu ya kwanza, andika nambari ya kifungu hadi herufi ndogo. Mswada wenyewe mara nyingi husema tu kwamba aya fulani ifutwe, kwa hiyo fungua pembeni sheria inayorekebishwa, kwa mfano Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013, uone kilichomo kwenye aya hiyo. Safu ya pili, andika maneno unayotaka yasomeke. Ya tatu, weka hesabu. Mwaka 2024 mkate wa kawaida ulipendekezewa VAT ya 16%: mkate wa sh65 ungepanda kwa sh10.40. Hesabu kama hiyo haihitaji mwanauchumi.

Wengi hupigwa chenga kwenye majedwali ya VAT, yaani orodha za bidhaa zilizo ndani ya sheria hiyo. Bidhaa za Jedwali la Pili hutozwa kiwango cha sufuri, na mwokaji hurudishiwa VAT aliyolipia vifaa na umeme. Za Jedwali la Kwanza zimesamehewa tu. Hapo mwokaji harudishiwi kitu, na gharama hiyo huipachika kwenye bei. Ukisikia bidhaa "haina VAT", uliza iko jedwali lipi. Kuhamishwa kutoka la Pili hadi la Kwanza ni nyongeza ya bei, hata kama kwenye runinga inaitwa afueni.

Tuma PDF iliyotiwa sahihi pamoja na nakala ya Word. Usiweke nambari ya kitambulisho, kwani maoni yanaweza kuwekwa wazi.

Kisha tafuta ripoti ya kamati. Humo utaona nani aliomba nini na kamati ikaamua nini. Ilinganishe na Hansard (rekodi rasmi ya yanayosemwa Bungeni) ya siku mswada ulipojadiliwa kifungu kwa kifungu na Bunge zima, maana aliyekosa kwenye kamati anaweza kumtumia mbunge alete marekebisho dakika za mwisho. Rekodi zikifichwa, ziombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Ikikaa kimya, peleka malalamishi kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamishi dhidi ya ofisi za umma, ukiambatisha nakala ya ombi yenye muhuri wa kupokelewa.