Blanketi la flisi la mtoto mchanga: kukata, kushona na kulitunza

Flisi, kitambaa cha polista chenye manyoya laini, haifumuki. Ukiikata kwa mkasi mkali, ukingo unabaki ulivyo, hautoi nyuzi, na ndiyo sababu blanketi la mtoto ni kazi ya saa moja hata kwa anayejifunza cherehani. Kinachoharibu kazi ni mambo mawili: kitambaa kinavutika, na hakipatani na moto.

Kununua

Kampala, kitambaa cha kupimiwa kwa mita kinatafutwa Kiyembe. Katika soko la Owino unaweza kupata shuka kubwa la flisi la mivumba, yaani mitumba, na kulikata vipande. La mivumba si baya, mradi ulikague kidogo kabla ya kulipa. Lisugue lenyewe kwa lenyewe mara ishirini. Likitoa vibonge vidogo kama mchele, mtoto atavinyonya na kuvitia puani. Lirudishe. Kisha liinue kwenye mwanga: ukiona mabaka yanayopenya, manyoya yamekwisha na joto limekwisha nayo.

Flisi mpya kwa kawaida ina upana wa sentimita 150. Muuzaji akisema "hii nzito", mwombe mizani. Mita moja ya upana huo yenye gramu 300 hivi ni flisi nyepesi, inamfaa mtoto wa Kampala na Jinja. Ikifika gramu 450 ni ya baridi kali, ya Kabale au Kapchorwa. Mahali penye joto itamtoa mtoto jasho, na flisi ni polista, hainywi jasho.

Nunua mita moja kamili. Inatoa mablanketi mawili.

Kukata

Tandika mkeka safi sakafuni, ulaze kitambaa bila kukivuta, ukiache nusu saa kitulie. Meza ndogo haifai: sehemu inayoning'inia inavuta iliyobaki kwa uzito wake, na utakata kitu kilichopinda ukidhani kimenyooka. Usiufuate mkato wa dukani pia. Karibu kila mara umekwenda upande. Blanketi linachukua sentimita 90 za ile mita, na 10 zinazobaki ni za kuurekebisha.

Kwanza ondoa kingo za kiwandani, zile ngumu zenye vitundu, kama sentimita 2 kila upande. Sasa pima vipande viwili vya sentimita 72 kwa 90, ile 90 ikifuata urefu wa kitambaa. Chora kwa chaki au kipande cha sabuni kilichokauka. Kabla ya mkasi, pima kona hadi kona, mshazari mmoja kisha wa pili. Yote miwili isome sentimita 115. Mmoja ukisoma 113 na mwingine 117, umechora kitu kilicholala upande, na pindo halitakusaidia.

Uso na mgongo wa flisi vinafanana sana vikiwa vipya. Shika ukingo uliokatwa kwa upana, uvute kwa mikono miwili: kitambaa kinajikunja kuelekea mgongo. Tia alama ya chaki mgongoni. Ukikosea hapa utagundua baada ya kufua mara kadhaa, pale upande uliougeuza nje utakapoanza kuchakaa kabla ya ule wa ndani.

Pindo la cherehani

Kunja mara moja tu, sentimita 2 kuelekea mgongo. Kukunja mara mbili kama shati ni kazi ya bure: hakuna nyuzi za kuficha, na unapata ukingo mnene kama kamba. Kwenye kila kona, kabla ya kukunja, kata ncha pembetatu yenye sentimita 3 kila upande. Mikunjo itakutana bila kulundikana. Shikilia kwa vibanio vya nguo vya kuanikia. Pini zinazama kwenye manyoya, na pini iliyosahaulika kwenye blanketi la mtoto si jambo la kufanyia majaribio.

Tumia uzi wa polista na sindano namba 90/14 yenye ncha ya mviringo, ile ya vitambaa vya kuvutika. Sindano ya kawaida inatoboa na kuruka. Ukiona mishono imeacha nafasi, badilisha sindano kabla ya kulaumu mashine. Urefu wa mshono uwe milimita 3.5, au mishono 7 kwa inchi. Kama mashine yako ina zigizaga, itumie. Zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu zinashona mstari ulionyooka tu. Zinafaa, lakini legeza uzi wa juu kidogo ili pindo likivutwa uzi usikatike.

Mwanzoni shona kwenye kipande kilichobaki. Pindo likitoka na mawimbi kama jani la kabichi, kuna sababu tatu, na mara nyingi zimekuja pamoja: mishono mifupi mno, mguu wa mashine unakandamiza sana, na mkono wako unavuta kitambaa kwa nyuma. Refusha mshono, legeza skrubu ya kukandamiza iliyo juu ya mguu, kisha acha meno ya mashine yavute yenyewe. Kazi ya mikono ni kuelekeza tu. Ukimaliza kila blanketi, fungua sehemu ya bobini upige brashi. Vumbi la flisi linajaa pale upesi kuliko la pamba.

Mshono wa mkono

Huu ndio tunaoupendelea, hasa kwa asiye na mashine. Kunja sentimita 1, chukua uzi wa kudarizi wa rangi inayopingana na kitambaa, ukate urefu wa mkono mmoja. Mrefu zaidi unajifunga mafundo. Ficha fundo la kuanzia ndani ya kunjo. Choma sindano kutoka usoni, sentimita 1 kutoka ukingoni, itokee nyuma. Kabla ya kuvuta, hakikisha uzi uliobaki umepita chini ya ncha ya sindano. Vuta taratibu mpaka uzi ulale juu ya ukingo, kisha acha. Ukikaza zaidi ya hapo ukingo unajikunyata. Sogea sentimita 1, rudia. Blanketi zima likishakunjwa lina mzunguko wa mita 3.16, na mshono huu unakula uzi zaidi ya mara tatu ya mzunguko: andaa mita 12. Vifungu viwili vya mita 8 vinatosha, na utabakiwa kidogo.

Ile mitindo ya kukata vishada pembeni na kuvifunga mafundo waachie wakubwa. Mtoto anavinyonya na kuvisokota vidoleni.

Ukitaka upande wa pamba unaogusa ngozi, fua pamba kwanza kwa maji ya moto, maana itarudi na flisi haitarudi. Weka uso kwa uso, flisi ikiwa chini upande wa meno ya mashine ili isisukumwe mbele, shona pande zote, acha mlango wa sentimita 12, pindua, ufunge.

Kutumia na kufua

Blanketi hili ni la kumfunika mtoto mgongoni au mapajani, uso ukiwa wazi. Wataalamu wa watoto wanashauri mtoto wa chini ya miezi 12 asilazwe na blanketi lililo huru. Liweke mbali na sigiri na mishumaa: polista haiungui kama pamba, inayeyuka na kugandia ngozini.

Fua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Dawa ya kulainisha nguo inapaka manyoya mafuta na kuyalaza.

Hapa panakuja tatizo letu hasa. Sisi tunapiga pasi nguo za mtoto ili kuua mayai ya nzi wa maembe, ambaye hutaga kwenye nguo mbichi na funza wake wakaingia ngozini. Pasi ya kiwango hicho cha joto inaliyeyusha flisi, na cheche moja ya pasi ya mkaa inatoboa tundu. Kwa hiyo kinga inaanza kwenye kamba. Anika kwenye jua kali, wazi, kamwe si kivulini, juu ya nyasi wala chini, maana nzi huyo anapenda vivuli. Likikauka kabisa, liingize ndani mchana huohuo. Msimu wa mvua lianike ndani ya nyumba, madirisha yakiwa na wavu. Likilala nje likiwa bichi, lifungie ndani wiki mbili kamili kabla ya kumfunika mtoto. Funza wasiopata ngozi hufa katika muda huo. Ndiyo sababu ile mita moja tuliikata mara mbili: moja linatumika, la pili linangoja zamu.