Somo: Mzunguko wa baiskeli Moshi – Himo – Marangu – Kilema – Kawawa

Wiki hii watu wanne wamenifuata faraghani na swali lile lile: "Mkuu, ile njia ya Marangu ikoje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni, halafu ulizeni hapa hapa.

Ni kilomita 75 hivi, kutoka na kurudi Moshi mjini. Sio mashindano. Anayeendesha kila wiki atatumia saa sita au saba, kula na kupiga soga humo humo.

1. Jana yake weka tayari pampu, tyubu ya akiba, viraka na spana. Kagua mipira ya breki.

2. Saa 12 asubuhi uwe Mnara wa Saa. Shika barabara kuu, Kiboriloni, Uchira, mpaka Himo. Mabasi ya mikoani yanapita hapo hayana mchezo; ukisikia honi nyuma, shuka kwenye changarawe, usishindane nayo. Anayeogopa apakie baiskeli kwenye Haice mpaka Himo. Hakuna atakayemcheka.

3. Himo: chai, chapati mbili, kata kushoto.

4. Himo hadi Marangu Mtoni ni kupanda tu, kama mita 500 za mwinuko. Weka gia nyepesi kabla miguu haijaomba. Mahindi yanaisha, migomba na kahawa inaanza, na hewa inapoa ghafla mpaka unajuta kuacha sweta.

5. Marangu Mtoni kula vizuri. Ukiwa na muda, maporomoko ya Kinukamori yako jirani. Ila usifuate magari ya watalii kwenda getini, lango la kupandia Mlima Kilimanjaro: huko ni mita 1,879 na si njia yetu. Sisi tunaenda Kilema, kushoto.

6. Kilema hadi Kirua njia imeshika kiuno cha mlima: unashuka korongoni, unavuka mto, unapanda tena. Misheni ya Kilema ni ya mwaka 1890, simama upate maji na kivuli.

7. Kushuka Kawawa, yaani kutoka Kirua mpaka barabara kuu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba utulivu. Mara ya kwanza nilishuka nimebana breki zote mbili mfululizo, nikijiona ndiye mwenye busara. Breki za rimu ukizibana muda mrefu rimu inachemka, na upepo ndani ya tyubu nao unachemka. Kwenye kona moja nikasikia mlio kama wa bunduki. Tyubu ya mbele. Nikaingia kwenye mfongo (mfereji wa maji ya mashamba), baiskeli juu yangu, na mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akauliza kwanza kama maji yake hayajaziba, ndipo akanipa pole. Kwa hiyo: bana kwa nguvu kidogo, achia, bana tena, mbele na nyuma kwa zamu. Punguza mwendo KABLA ya kona, sio ndani yake. Simama katikati ya mteremko, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa; ukisikia joto, pumzika. Na kama mvua imenyesha, bodaboda zinaleta tope jekundu juu ya lami, linateleza kama sabuni. Masika mimi siendi kabisa.

8. Ukifika barabara kuu, kulia, Moshi.

MASWALI

Tairi_Kipara: Mkuu ni kilomita ngapi jumla?

Aya ya pili.

Tairi_Kipara: Sawa, na breki mbovu kidogo inafaa?

Rudia namba 7. Ukishamaliza, irudie tena.

Dada_wa_Soweto: Nina Phoenix ya marehemu babu, haina gia. Nitaweza? Na kwa nini tusianze Kawawa tukamalizia Himo?

Swali zuri, dada. Utaweza, ila kutoka Himo utashuka na kusukuma sehemu kadhaa, nami nasukuma na gia zangu. Ongeza saa mbili. Breki zake za vyuma peleka kwa fundi, mwambie abadilishe mipira na akaze fimbo. Kuhusu mwelekeo: ukianza Kawawa unakutana na mlima mkali miguu haijapata moto, halafu unarudi barabara kuu kutoka Himo jua la mchana likiwa kichwani. Ukienda ninavyosema, sehemu ndefu ya lami kuu unaimaliza asubuhi. Isitoshe, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, huonekana asubuhi. Saa nne ikifika wingu limeshaifunika mara nyingi.

Fundi_Mwanga: Tyubu kupasuka kwa breki ni hadithi. Ulikuwa umejaza upepo kupita kiasi.

Nilijaza mwenyewe kwa pampu ya mkono, na ilinibeba kutoka Moshi mpaka Kirua bila shida. Ukibisha, shuka huko umebana, kisha ushike rimu. Mwenye breki za diski hili la tyubu halimhusu sana, ingawa diski nazo huchemka.

Mwana_Kihamba: Nyongeza: msikanyage mifongo wala kuoshea baiskeli humo. Maji yana zamu, mzee wa zamu akikukuta utajua.

Asante sana kaka, hilo nilipaswa kuliandika mwenyewe.

Dada_wa_Soweto: Na mbege (pombe ya ndizi) njiani?

Mtori Marangu, mbege baada ya kufika Moshi. Kibuyu kimoja kabla ya namba 7 na utamjua yule mama wa majani.

Tairi_Kipara: Mbege bei gani?