Kufufua Kiwanja Kilichochoka Dodoma kwa ajili ya Kriketi na Futiboli ya Australia

Fedha za kufufua kiwanja zikipatikana, watu hukimbilia jukwaa: bati jipya, rangi, viti vya wageni waalikwa. Kwa Dodoma anza na ardhi na maji, maana ndivyo vilivyokiua kiwanja chenyewe. Mvua zetu ni msimu mmoja, mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi. Jukwaa linaweza kusubiri miaka miwili bila mchezaji hata mmoja kuumia.

Kriketi na futiboli ya Australia huelewana kwa sababu zote mbili huchezwa kwenye uwanja wa duaradufu. Kwa asiyeifahamu hiyo ya pili: kila timu ina wachezaji 18 uwanjani, urefu wa uwanja ni mita 135 hadi 185 na upana mita 110 hadi 155. Hakuna kipa wala mwamba wa juu. Kila upande husimama milingoti minne katika mstari mmoja, mmoja hadi mwingine mita 6.4. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya miwili ya ndani ni pointi 6. Ukipita kati ya wa ndani na wa nje ni pointi 1.

Kule Australia kriketi ni mchezo wa majira ya joto, futiboli ya majira ya baridi. Ukiinakili kalenda yao hapa umeharibu vyote viwili. Futiboli yao ina kukamatana na kuangushana, hivyo inataka ardhi laini: iwekee Januari hadi Mei mwanzoni. Kriketi inataka pichi kavu (ule ukanda mwembamba wa katikati ambako mpira hurushwa na kupigwa), nayo ipewe Juni hadi Novemba. Kupanga hivi hakugharimu chochote, na kunapunguza majeraha kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kupima

Kabla ya kuleta trekta, hakikisha mmiliki ni nani (viwanja vingi vya zamani ni vya halmashauri, vya shule au vya CCM) na upate ruhusa ya maandishi. Uliza pia bomba la maji na nyaya za umeme zinapita wapi chini ya ardhi.

Mhimili mrefu uelekee kaskazini na kusini. Pichi ya kriketi hulala juu ya mhimili huohuo, hivyo mpigaji hatazami jua la magharibi saa 11 jioni. Ukubwa tunaoupendekeza ni mita 160 kwa 135. Sababu iko kwenye mistari ya futiboli: kila goli lina tao linalochorwa mita 50 kutoka golini, na katikati kuna mraba wa mita 50 kwa 50. Kwenye mita 160, kati ya tao na mraba hubaki mita 5 kila upande. Kwenye mita 135 matao huingia ndani ya mraba, na wachezaji na waamuzi hawajui wasimame wapi.

Kuchora duaradufu kwa kamba ya mita 160 ni kujitafutia ubishi, kwa kuwa kamba ndefu hunyooka na kuvutika. Tumia vipimo vya pembeni. Piga mstari wa katikati wa mita 160, weka kigingi katikati yake, kisha toka kushoto na kulia kwa pembe mraba. Kwenye kigingi chenyewe upana wa kila upande ni mita 67.5. Ukisogea mita 20 kuelekea goli ni mita 65.4, kwenye mita 40 ni 58.5; kwenye 60 ni 44.6, kwenye 70 ni 32.7. Unganisha vigingi kwa mpira wa maji uliolala chini, nao utapinda vizuri wenyewe. Nje ya mstari acha mita 5 zisizo na kitu: si mtaro, si benchi, si mti. Ua wa minyaa, ambao Dodoma uko kila mahali, ukae mbali zaidi, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa.

Udongo na mteremko

Chukua nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha, ardhi ikiwa na unyevu kidogo, uisukume kwa mikono sehemu thelathini hivi. Isipozidi sentimita 10, mizizi nayo haitapita. Dawa yake ni kuchimbua kwa jembe la ripa (meno marefu ya chuma yanayovutwa na trekta) hadi sentimita 25 au 30, kwa urefu kisha kwa kukatisha. Fanya kazi hiyo Septemba au Oktoba, udongo ukiwa mkavu, kwa kuwa mkavu hupasuka. Ukichimbua ukiwa na maji, ripa hupaka tope ukutani mwa mfereji na kuacha tabaka gumu kuliko la kwanza.

Udongo mwekundu wenye mchanga ni bahati. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukiwa na mabaka machache, chimba sentimita 30 ujaze mwekundu. Kama kiwanja chote ni mbuga, tafuta kiwanja kingine: kuweka tabaka la sentimita 15 tu juu yake ni zaidi ya mita za ujazo 2,500, na hilo ni tipa baada ya tipa mpaka bajeti iishe.

Greda likija, lipe mteremko wa 1 kwa 100 kutoka katikati kwenda nje, yaani kingo za pembeni ziwe chini kwa kama sentimita 67 na kingo za magoli kwa sentimita 80. Kagua kwa levo kila mita 10. Macho hudanganya sana kwenye eneo kubwa. Mvua ya Dodoma hushuka kwa fujo na kuisha, hivyo mtaro wa mawe wa sentimita 60 kwa 40 uzunguke nje ya zile mita 5, na mdomo wake uwe na shimo la kunasia mchanga linalozolewa kila baada ya mvua kubwa.

Mbigiri iondolewe kwa mkono kabla haijachanua. Mbegu yake hukaa ardhini miaka, na mchezaji atakayeangushwa juu yake atakumbuka kiwanja chako kwa muda mrefu. Samadi tunayo nyingi, nayo inafaa kwa kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba, ila iliyolala angalau miezi mitatu na kugeuzwa. Samadi mbichi ya mbuzi huleta mbegu za migunga, na utaipata miiba ukiwa umeipanda mwenyewe.

Hesabu ya maji

Hapa ndipo miradi mingi hufa. Duaradufu ya mita 160 kwa 135 ina karibu mita za mraba 17,000. Ukimwagilia milimita 4 tu kwa siku unahitaji lita 68,000 kila siku. Paa la mita 30 kwa 8 huvuna kama lita 105,000 kwa msimu mzima wa mvua. Hizo hazifiki siku mbili. Tangi la maji ya mvua ni zuri kwa vyoo na kunawa; usimwambie mfadhili kwamba litatunza nyasi.

Kwa hiyo kubali kwamba kiangazi nje patakuwa kahawia. Ukoka hulala wakati wa ukame na kuamka na mvua, ndiyo sababu tunaupendelea kuliko nyasi za bustani. Mwagilia duara la ndani la kriketi peke yake, lile la yadi 30, yaani mita 27.43 kuzunguka kila wiketi (vile vijiti vitatu vya kila ncha ya pichi). Eneo hilo ni kama mita za mraba 3,500, sawa na lita 14,000 kwa siku. Badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, toa milimita 14 mara mbili kwa wiki ili maji yashuke na mizizi iyafuate. Kila zamu ni lita 49,000, hivyo tangi la lita 50,000 na kisima kinachoweza kulijaza ndani ya siku tatu vinatosha. Mwagilia saa 10 alfajiri hadi saa 1 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Tumia mipira na springla za kuhamishika. Za kufukia ardhini hugongwa na viatu, na kifundo cha mguu hugongwa nazo.

Maji ya kisima yapimwe chumvi maabara kabla ya kununua pampu. Ukoka uliokomaa huvumilia chumvi, uliopandwa karibuni hauvumilii.

Kupanda ni Desemba, baada ya mvua mbili za kulowesha kweli. Vipando vyenye vifundo vitatu au vinne, sentimita 30 kwa 30, vitakuwa karibu 190,000, kwa hiyo kitalu kianze mwaka mmoja kabla. Usichelewe hadi Januari, maana mara nyingi mvua hukatika katikati ya msimu na vipando visivyo na mizizi huungua. Wiki nne baadaye weka mbolea ya CAN gramu 10 kwa mita ya mraba, jumla kilo 170, siku ambayo mvua inanukia. Msimu huo wa kwanza hakuna mechi, hata ya maveterani.

Pichi: jamvi, si zege

Duara la katikati la futiboli, la mita 10, lipo juu kabisa ya pichi ya kriketi. Hapo ndipo mwamuzi huanzisha mchezo kwa kurusha mpira juu, na watu warefu kuliko wote uwanjani huruka na kuanguka. Viwanja vingi vya mitaa Australia vina pichi ya zege lililovikwa nyasi bandia pale katikati, na kila msimu wa futiboli lazima lifunikwe kwa udongo au mazulia mazito. Udongo husambaa, kingo za zege hutokeza, na mtu huvunjika. Ushauri wetu ni kupeleka zege lote kwenye nyavu za mazoezi nje ya mpaka, na katikati utandike jamvi la nyuzi za makumbi ya nazi juu ya udongo ulioshindiliwa. Kriketi ya Afrika Mashariki ilichezwa juu ya majamvi kwa miongo mingi, na msimu ukiisha unalikunja tu.

Ule udongo mweusi uliokimbiwa ndio unaotakiwa hapa. Ujaribu kwanza: kanda, finyanga vidonge vya sentimita 2.5, vianike kivulini siku nne, kisha mtu mzima avikanyage. Kikisagika, tafuta mbuga nyingine. Kikigoma, umepata.

Chimba mita 25 kwa 3.5, kina sentimita 20. Sentimita 10 za chini ni moramu iliyoshindiliwa. Za juu ni mchanganyiko wa ndoo mbili za udongo mweusi kwa moja ya mwekundu, uliochekechwa kwa wavu wa milimita 6. Mweusi mtupu hupasuka mno. Weka tabaka mbili za sentimita 5, na kabla ya kuweka ya pili kwaruza ya kwanza kwa reki. Ukiacha uso laini katikati, tabaka hazishikani na mpira hauinuki, na hakuna rola litakaloponya hilo isipokuwa kuchimba upya.

Rola la kienyeji: pipa la lita 200 lenye bomba la ekseli katikati, lijazwe zege, litakuwa na karibu kilo 500. Lowesha pichi hadi chini, subiri siku mbili, kisha bonyeza kwa dole gumba. Udongo ukinata, bado. Dole likiacha alama lakini likatoka safi, vingirisha asubuhi kwa urefu, jioni kwa kukatisha, siku nane hadi kumi. Udongo wa tope hujikunja mbele ya rola na kukuachia mawimbi. Mkavu hausikii kitu.

Wiketi hadi wiketi ni mita 20.12, na mstari wa mpigaji uko mita 1.22 mbele ya vijiti. Tandika jamvi, livute watu wanne kila ncha, ligongelee kwa pini za nondo ya milimita 10, urefu sentimita 20, vichwa vikizama ndani ya nyuzi. Jamvi lililolegea hufanya mpira uteleze chini, na mguu wa mrusha mpira hulivuta likakunjamana. Baada ya mechi likunje, ulitundike kwenye chuma. Likilala sakafuni wiki mbili, mchwa watakuachia vumbi.

Mei, futiboli ikiisha, kwaruza sentimita 2 za juu, ongeza sentimita 1 ya udongo mpya (mita ya ujazo moja yatosha), kisha rudia kulowesha na rola.

Mistari na milingoti

Usichore kwa chokaa. Wachezaji huanguka uso chini, na chokaa huunguza macho. Rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa yatosha.

Milingoti ya ndani iwe na urefu usiopungua mita 6, ya nje mita 3, yote ikizungushiwa sponji nene hadi mita 2.5. Isimamishe ndani ya soketi za bomba la chuma lenye kina cha mita 1, zilizofungwa kwa zege, ili itolewe kriketi ikianza. Chini ya soketi weka kokoto badala ya zege, maji yapate pa kwendea. Vinginevyo mwaka wa pili mlingoti hautoki. Kifuniko cha soketi kichomelewe mnyororo, la sivyo wiki ya kwanza kimeshauzwa chuma chakavu.