Jinsi ya kutengeneza injini ya rotari ya plaiwudi, ile ya ndege za vita vya 1914, uizungushe kwa mkono

Kila nikibeba hii modeli yangu pale soko la Kibuye, Kisumu, kuongeza grisi watu wanasimama kuangalia, na swali ni lilelile, sasa hii kitu inazungukaje yote na silinda zake? Kwa hivyo leo naandika yote, vipimo pia, ndio mwenye kutaka atengeneze yake wikendi hii.

Kwanza tuelewane. Rotari ninayosema siyo ile ya Mazda yenye pembetatu ndani. Hii ni ya zamani zaidi. Kwa injini ya bodaboda silinda imekaa tu na krankishafti, ile shafti iliyopinda inayosukumwa na pistoni, ndio inazunguka, si ndio? Sasa hawa ndugu wawili Wafaransa, Louis na Laurent Seguin, waligeuza: krankishafti ikafungwa kwa mwili wa ndege isitingishike kabisa, alafu silinda zote zikazunguka pamoja na propela. Injini yao iliitwa Gnome Omega, silinda 7, nguvu za farasi 50, uzito kama kilo 75. Henri Farman aliifunga kwa ndege yake kule Reims Agosti 1909 akaruka kilomita 180 bila kutua, na kutoka hapo kila mwenye ndege akaitaka. Ilikuwa nyepesi kwa sababu haikuhitaji maji wala flaiwili (gurudumu zito la kulainisha mzunguko), silinda zikizunguka zinajipepea zenyewe na uzito wao ndio flaiwili.

Ukisoma hayo kwa maneno unaweza kukubali tu bila kuona. Mimi nilikubali miaka mingi bila kuelewa, mpaka nikatengeneza.

Kata duara la plaiwudi ya milimita 12, upana sentimita 42. Katikati toboa shimo la milimita 32 ikae beringi namba 6201, ile ya kawaida, duka lolote la spea za pikipiki iko. Sasa gawa duara mara saba. Usihangaike na digrii, pima tu sentimita 18.2 moja kwa moja kutoka alama hadi alama kwenye ukingo, utarudi pale ulipoanzia. Kwa kila mstari gundisha vipande viwili vya mbao vya upana wa sentimita 1, vianze sentimita 7.5 kutoka katikati hadi 20, na nafasi kati yao iwe sentimita 4 na unywele. Hiyo ndio silinda. Pistoni ni mbao ya inchi moja, mraba wa 4 kwa 4, piga msasa hadi iteleze yenyewe ukiinamisha duara. Ikikwama hapa itakwama milele kwa hivyo usiharakishe.

Krankishafti sasa, na hapa ndio watu wengi wanaharibu. Chukua stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, ya milimita 12, ifunge kwa nati mbili kwenye ubao wa nyuma ambao utasimama wima. Ingiza beringi na duara lake, washa (kile kiduara cha chuma cha chini ya nati) ndogo inayogusa ringi ya ndani peke yake, nati, alafu peleka kwa fundi wa kuchomelea akuwekee flati baa (chuma bapa) ya milimita 6 juu, na kwenye hiyo flati baa bolti ya milimita 8 ikisimama sentimita 3 kutoka katikati ya stadi. Funika beringi na kitambaa chenye maji wakati anachoma, ya kwanza yangu iliungua grisi yote ikaanza kulia kama paka. Na mwambie asage ncha ya stadi iwe sawa na flati baa kabisa, kwa sababu fimbo za pistoni zitapita juu yake. Geuza ubao hadi hiyo bolti iwe upande wa juu.

Fimbo unakata kwa plaiwudi ya milimita 6. Moja ndio mama: duara la upana wa sentimita 6 na mkono wake, kipande kimoja, kutoka shimo la katikati hadi shimo la pistoni sentimita 13. Hilo duara linakaa kwenye bolti. Fimbo zingine sita ni sentimita 11 shimo kwa shimo, zinafungwa kwa mashimo yaliyo sentimita 2 kutoka katikati ya duara la mama, ziwe huru, na kwa pistoni zake ongeza washa zilingane urefu. Mara ya kwanza nilifanya zote saba ziwe huru nikidhani ndio haki, duara la katikati likaanza kujigeuza ovyo na pistoni zikagongana, nikakaa siku mbili sielewi. Lazima moja iwe imara. Gnome yenyewe ilikuwa hivyo.

Zungusha polepole na uangalie pistoni. Ukikaza macho kwa silinda moja, pistoni inaingia na kutoka sentimita 6, nusu ya ile ya kweli ya 12. Lakini rudi nyuma hatua tatu uangalie zote pamoja: hakuna kinachoenda mbele na nyuma! Silinda zinazunguka kwenye duara lao, pistoni zinazunguka kwenye duara lingine lililosogea sentimita 3 juu, basi. Ndio maana hizi injini zilisifiwa kwa ulaini. Mimi hiyo siku nilimwita mama watoto atoke jikoni aone.

Paka nukta nyekundu kwa ubao wa nyuma, pale juu, kila silinda ikipita hapo pistoni iko mwisho kabisa. Moto unawaka karibu na hapo. Andika namba 1 hadi 7 alafu hesabu: waka moja, ruka moja. Utapata 1, 3, 5, 7, 2, 4, 6, kila silinda mara moja kwa mizunguko miwili, vile injini ya stroki nne inataka. Jaribu na nane kwa karatasi uone, 1, 3, 5, 7 na unarudi kwa 1 kabla zamu yake haijafika. Kwa hivyo Gnome 7, na rotari zingine za Kifaransa, Le Rhône 9, Clerget 9, namba witiri tu.

Sasa vita. Petroli na mafuta ya kulainisha yalipitia ndani ya krankishafti kwa sababu ndio kitu pekee kilichokaa tuli. Walitumia mafuta ya mbarika, hayachanganyiki na petroli kirahisi, na hayakurudi kwa tangi, yalitoka na moshi yakimpiga rubani usoni, akiyameza tumbo linaharibika kweli. Wajerumani walinunua leseni ya Gnome kupitia Oberursel na ndio ilikuwa kwa ndege yao Fokker Eindecker ya 1915, alafu ndege yao nyingine Fokker Dr.I ikapewa nakala ya Le Rhône. Yaani pande zote mbili ziliruka na kizazi kimoja cha injini ya Kifaransa. Waingereza 1917 wakatoa ndege ya Sopwith Camel, nyingi na Clerget ya farasi 130.

Kuielewa Camel chukua rimu ya baiskeli, shika ekseli pande zote mbili mbele ya kifua ielekee mbele, mtu aizungushe kwa nguvu upande wa mishale ya saa ukiwa nyuma yake. Geuka kulia haraka. Mbele inainama yenyewe! Geuka kushoto, inainuka. Camel ilikuwa hivyohivyo, kulia inakata ghafla pua ikishuka, kushoto pua inapanda, na vijana wengi walikufa wakijifunza tu, kabla hata ya kuona adui. Rimu yako ina kilo moja au mbili, wao walikuwa na injini nzima.

Kitu cha mwisho cha kuonyesha ni swichi. Gnome haikuwa na akseleta ya maana, ukitaka kushuka kutua unabonyeza kitufe kinachokata moto wa plagi, unaachilia, unabonyeza tena. Ukikata muda mrefu petroli inaendelea kuingia na kujaa kwenye kifuniko cha mbele, ukirudisha moto inaweza kulipuka. Mimi niliweka taa ndogo ya tochi pale kwa nukta nyekundu na swichi ya kengele ya mlango, watoto wanabonyeza wakati mwingine anazungusha.

Kufika 1918 mwendo wake ulikwama karibu mizunguko 1,300 kwa dakika, ukizidisha upepo unaokatwa na silinda unakula nguvu yote, na injini zilizokaa tuli kama Hispano-Suiza zikaipita. Zile ndege za Imperial Airways, shirika la Waingereza, zilizokuwa zinatua kwa maji hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1930 zilikuwa za silinda kwenye duara pia, injini ya Pegasus ya silinda 9, lakini hizo hazikuzunguka, shafti ndio ilizunguka. Ukitaka kuona tofauti kwa modeli yako, legeza nati za nyuma, shika duara lisizunguke, alafu geuza stadi. Ni injini ileile, sasa umeshika kipande kingine.

Grisi weka kidogo kwa bolti ya mama kila mwezi, mbao usiweke mafuta, paka mshumaa.