Usimwage mbolea shinani: nyanya hufa kwa kiu udongo ukiwa umelowa

Ndugu wakulima wa bustani za kando ya ziwa, kuanzia Ilemela hadi Magu, bado mnachota mbolea ya kukuzia ya CAN kwa kiganja na kuimwaga shinani mwa mche. Siku moja au mbili baadaye nyanya zimelegea, kingo za majani zimekauka, na tunasingizia jua au maji ya ziwa. Ziwa Viktoria ni la maji baridi. Chumvi iliyoua nyanya imetoka kwenye mfuko wa mbolea.

Seli za vinyweleo vya mizizi zina sukari na chumvi nyingi kuliko maji ya udongoni. Utando wa seli hupitisha maji kwa urahisi, lakini huzuia sehemu kubwa ya chumvi. Maji huelekea palipo na chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi, na ndivyo mche unavyokunywa. Mbolea ikiyeyuka kwa wingi shinani, maji ya nje yanakuwa mazito kuliko ya ndani, basi yanageuza njia na kutoka mzizini. Wanaokausha sangara kwa chumvi wanaona samaki anavyochuruzika maji. Mzizi nao hukamuliwa hivyohivyo.

Kipimo ni kisoda kimoja cha CAN kwa mche, kimesawazishwa kwa kidole, si cha mlima. Kiganja si kipimo, tafadhali! Kwa yurea ni nusu kisoda, maana ina naitrojeni asilimia 46 na CAN 27. Chimba kijishimo sentimita 10 kutoka shinani, kina sentimita 5, weka, fukia. Mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kuweka, weka asubuhi, kisha mwagilia tena papo hapo. Kwenye udongo mkavu usiweke kabisa. Luseni, yaani udongo wa kichanga, hukauka upesi, hivyo mwenye shamba la kichanga agawe kipimo mara mbili, wiki mbili kati yake.

Majani mapya yakitoka ya kijani, umepatia.

Nyanya zikinyauka, msikimbilie dawa, na msiongeze mbolea. Kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi: kikitoa uzi mweupe kama maziwa, ni mnyauko wa bakteria, ng'oa mche. Kisipotoa, na iliyonyauka ni ile tu iliyowekewa mbolea, fukua chembe zilizobaki siku hiyohiyo na umwagilie maji mengi yaishushe chumvi chini ya mizizi. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, haupitishi maji haraka. Huko mwagilia kidogokidogo.

Samadi mbichi ya kuku huunguza vilevile. Iozeshwe kwanza.