Zunguka kwanza, kura baadaye

Kwa anayeanza mchezo wa video wa Triangle Strategy (2022): usikimbilie kwenye Mizani, chombo cha kupigia kura. Wenzako saba ndio wanaopiga kura ya njia ya hadithi. Kazi yako ni kuwashawishi. Kabla ya hapo, zunguka eneo lote na uongee na kila mtu, maana habari unayoiokota kwa mpita njia inaweza kukufungulia hoja mpya ya kumgeuza mwenzako. Ukiiruka hatua hiyo, suala zito kama la kumlinda mwanamfalme Roland au kumsalimisha kwa adui linaweza kuamuliwa kinyume na dhamira yako, na inauma kweli. Sevu pia mchezo kwenye nafasi ya pembeni kabla ya kura. Njia uliyoiacha ina mapambano yake ambayo hutayaona upande huu.